Kosa Dogo Katika Fomu

Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni. Somo: 1 Wakorintho 1:14-16

Wengine wenu mnatusikiliza mkiwa jikoni, chai ikichemka. Wengine mko njiani kwenda kazini, na wengine mmelala kitandani mkiugua. Nyote twawakaribisha. Lakini asubuhi ya leo twataka kusema hasa na vijana waliomaliza shule, ambao wamepeleka maombi yao ya kuingia chuoni na sasa wanangoja majibu. Tena twataka kusema na wazazi wao, maana katika nyumba ya kungoja hakuna anayengoja peke yake.

Jumapili moja, baada ya ibada ya pili, watu walipokwisha kutoka na wazee wa kanisa wakihesabu sadaka, binti mmoja wa parishi yetu alibaki amesimama karibu na mlango wa vestri. Alikuwa ameshika simu mkononi. Alitusalimu kwa heshima, kisha akanyamaza. Tulipomwuliza ana neno gani, alisema, "Pasta, nimeharibu."

Kijana akimwambia kasisi maneno hayo, kasisi hufikiri mambo mengi. Tukamketisha kwenye benchi, tukamwambia, "Mwanetu, sema polepole." Kumbe alikuwa ameomba nafasi katika chuo cha wauguzi. Alijaza fomu katika saiba ya sokoni, jioni ya siku ya mwisho, huku watu wengine wakingoja zamu nyuma yake. Usiku, akiwa nyumbani, aliitazama nakala ya fomu ile katika simu yake, ndipo akaona makosa. Jina la ukoo wao lina ile sauti iliyo katika neno ng'ombe, ambayo huandikwa kwa alama ndogo juu. Katika cheti cha kuzaliwa alama hiyo ipo, lakini katika fomu haipo. Tena, mahali pa kuandika mwezi aliomaliza shule aliandika Oktoba, naye alimaliza Novemba. Tena, katika barua yake ya Kiingereza, neno moja lilikuwa limerudiwa mara mbili.

Ni hayo tu. Lakini kwa muda wa siku 3 hakulala wala hakula vizuri. Kila alipofumba macho aliiona fomu. Na jambo lililomchoma zaidi ni hili: mama yake alikuwa ameuza kondoo ili ipatikane ada ya fomu na nauli. "Pasta," akasema, "nikimwambia mama, ataona kondoo wake amekwenda bure kwa sababu ya alama isiyozidi mguu wa sisimizi."

Ndugu wasikilizaji, msicheke. Sisi hatukucheka. Hofu ya binti yule haikuwa juu ya alama, bali juu ya mlango. Aliona mlango mmoja tu wa maisha yake, na mlangoni pale amesimama mlinzi asiyesamehe.

Na kwa hakika milango ya namna hiyo imekuwako. Tukisoma Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, twakuta habari ya vivuko vya mto Yordani. Watu wa Gileadi walikuwa wamewashinda Waefraimu vitani, wakavishika vivuko vile. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja, Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kutamka ile sh, wakasema Sibolethi, na kwa kosa hilo la sauti moja mtu alikamatwa akauawa. Biblia yatuambia kwamba Waefraimu walioanguka wakati ule walikuwa 42,000. Sisi wa nchi hii twaielewa habari hiyo upesi, maana kati yetu wako ambao ulimi wao hauitambui sh, na wengine hubadilishana r na l. Tungalikuwa pale kivukoni, ni wangapi wetu wangalivuka?

Basi binti yetu alidhani chuo kile ni kivuko cha Yordani. Na vijana wengi wanaotusikiliza sasa wanadhani vivyo hivyo. Leo twataka kuwaambia jinsi ya kuyapambanua makosa, maana makosa yote si sawa, na anayeyatia yote katika gunia moja hushindwa kulibeba.

Kwanza, liko kosa la kusahihishwa. Hili ni kosa linaloweza kumfanya mtu mwingine akudhanie siye wewe. Nambari ya mtihani wa KCSE ina tarakimu 11, na tarakimu moja ikikosewa, nambari ile yaweza kuwa ya mtu mwingine. Jina lililoandikwa namna moja katika cheti cha kuzaliwa na namna nyingine katika cheti cha mtihani laweza kukuletea taabu siku ya kuandikishwa. Kwa kosa kama hilo hatuwaambii msijali. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Inuka asubuhi uende ukalizibe. Andika barua fupi kwa chuo: jina langu ni hili, katika fomu niliandika hivi, ilipasa kuwa hivi, nami naambatanisha nakala ya cheti changu. Ikiwa majina yanatofautiana katika vyeti vyenyewe, wakili atakuandikia hati ya kiapo. Ikiwa uliomba kupitia KUCCPS, lile shirika la kugawa nafasi za vyuo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, fuata matangazo yao, maana baada ya maombi ya kwanza wao hutoa muda wa kubadilisha uchaguzi. Wala usimpe pesa mtu yeyote wa mjini anayekuambia kwamba yeye anajua njia ya nyuma ya kusafisha fomu yako. Njia ya nyuma haisafishi kitu.

Pili, liko kosa la kuachwa. Neno limerudiwa, mkato umesahauliwa, sentensi haikupendeza kama ulivyotaka. Atakayeisoma barua yako ni mwanadamu, amesoma barua nyingi kabla ya yako, na mkono wake pia huteleza. Usimwandikie barua 5 za kuomba radhi kwa ajili ya mkato mmoja. Achana nalo. Kuteleza si kuanguka.

Katika Mathayo sura ya 6, Bwana wetu aliwauliza wanafunzi wake kama kuna mtu awezaye kujiongezea kimo kwa kujisumbua. Nasi twauliza, je, ni nani aliyewahi kuitia alama ng' yake kwa kukosa usingizi? Fomu imekwisha kwenda, na kukesha kwako hakuifikii. Kinachoifikia ni barua ya kusahihisha. Basi andika barua, kisha ulale.

Labda kijana mmoja atasema, "Pasta, hayo ni rahisi kusema. Watu wa Mungu hawakosei katika mambo yaliyoandikwa." Ndugu yetu, fungua Biblia yako katika somo letu la leo.

Mtume Paulo alikuwa Efeso alipowaandikia Wakorintho. Alikuwa na huzuni kwa sababu walikuwa wamegawanyika, huyu akijisifia mtumishi huyu na yule akijisifia mwingine. Basi akawaambia kwamba amshukuru Mungu hakumbatiza hata mmoja wao ila Krispo na Gayo. Lilikuwa neno la nguvu, limesemwa kwa hakika. Lakini mara tu baada ya hapo akakumbuka kwamba alikosa. Akaongeza kwamba aliibatiza pia nyumba ya Stefana, na zaidi ya hao hajui kama alimbatiza mwingine.

Tafakarini jambo hilo. Katika sura ya 16 ya waraka huo huo twasoma kwamba watu wa nyumba ya Stefana walikuwa waamini wa kwanza katika Akaya. Tena twasoma kwamba Stefana mwenyewe alikuwa amefika kwa Paulo, yeye na Fortunato na Akaiko. Yaani mtu aliyesahauliwa huenda alikuwa ameketi chumbani mle mle, akisikiliza waraka unavyosomwa kwa mwandishi! Hatujui kama alikohoa kidogo ili Mtume akumbuke. Lakini twajua Paulo alivyofanya. Hakuuchana waraka na kuanza upya. Hakujilaani. Hakusema, "Wakorintho watanidharau, utume wangu umekwisha." Alisahihisha kwa maneno machache, akakiri kwamba mengine hayakumbuki, kisha akaendelea na habari ya msalaba wa Kristo.

Na Mungu alifanyaje? Hakulifuta kosa lile na masahihisho yake. Aliyaacha yote mawili katika Maandiko Matakatifu, nasi twayasoma kanisani mpaka leo. Ikiwa Roho Mtakatifu hakuona haya kuweka mle kusahau kwa Mtume, wewe waona haya ya nini kumwambia karani wa chuo kwamba ulikosea mwezi?

Sasa twawaomba radhi, maana twataka kueleza habari zetu wenyewe. Mwaka 2004, tulipokuwa na umri wa miaka 23, tuliomba nafasi katika chuo cha theolojia. Tulijaza fomu kwa wino, mezani kwa vikari wetu, tukaipeleka posta kwa mikono yetu. Baada ya siku 2 tukaichukua karatasi tuliyoandikia kwanza kabla ya kunakili, na mara moyo ukatutoka. Mahali pa tarehe ya ubatizo tulikuwa tumeandika tarehe ya kipaimara, na mahali pa kipaimara tumeandika tarehe ya ubatizo. Kwa hiyo fomu yetu ilionyesha kwamba askofu alituwekea mikono tukiwa mtoto mchanga wa mwaka 1981, na kwamba tulibatizwa mwaka 1995! Kwa mtu anayetaka kwenda kujifunza mambo ya kanisa, mwaweza kukisia aibu yetu. Hatukumwambia mtu. Kwa muda wa wiki 6 tuliibeba fomu ile kichwani, shambani na kitandani.

Siku ya kuhojiwa ikafika. Mbele yetu walikaa watu 4, na mmoja wao alikuwa kanoni mzee mwenye mvi. Aliitazama fomu, akatutazama sisi, akasema, "Kijana, kwenu nyumba huezekwa kabla ya kuwekwa msingi?" Wote wakacheka. Akachukua kalamu, akachora mishale 2, tarehe hii iende huku na ile iende kule. Wiki 6 za kukosa usingizi ziliisha kwa mishale 2 ya wino.

Lakini mzee yule hakumaliza. Alifungua ukurasa wa pili, penye swali kwa nini twataka kuwa mchungaji. Akasoma kimya, kisha akauliza, "Hapa umeandika vizuri sana. Je, ni maneno yako?"

Ndugu zetu, hapakuwa na kicheko tena. Maneno yale hayakuwa yetu. Tulikuwa tumeyanakili kutoka katika barua ya rafiki aliyetutangulia chuoni. Katika wiki zile zote tuliogopa tarehe, wala hatukuogopa hata usiku mmoja kwa ajili ya maneno yale. Bwana wetu aliwakemea Mafarisayo waliomchuja mbu huku wakimmeza ngamia. Sisi ngamia wetu alikuwa katika ukurasa wa pili, amelala, hatumwoni.

Tulitetemeka, tukasema, "La, Mzee, si maneno yangu." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi tuambie yako." Tukawaeleza kwa maneno mafupi yasiyopangwa. Baba yetu alipokufa ilikuwa wakati wa mvua kubwa, na barabara ilikatika, kasisi asiweze kufika. Akaja mwinjilisti mzee kwa miguu, suruali imejaa matope mpaka magotini, akamzika baba yetu na kuomba pamoja na mama. Tangu siku ile tulitamani kuwa mtu anayefika. Yule kanoni akaiweka kalamu mezani, akasema, "Hilo ndilo ulilopaswa kuandika."

Kwa hiyo twaongeza namna ya tatu, nayo si kosa hata kidogo. Ni uongo. Alama ya mtihani iliyogeuzwa, cheti cha kununua, barua ya mapendekezo ambayo kasisi wako hakuiandika, maneno ya mtu mwingine yaliyovikwa jina lako. Hayo hayasahihishwi kwa mishale ya wino. Hayo ni ya kutubu na kuyaondoa, hata kama nafasi itapotea. Kijana mpendwa, wasiwasi wako ukikuamsha usiku kwa ajili ya alama ya ng', mwulize hivi: je, katika fomu hii nimesema kweli? Ikiwa umesema kweli, mengine yote ni madogo. Ikiwa hukusema kweli, hata fomu isiyo na doa ni chafu.

Mtauliza yule binti aliishia wapi. Tulipokwisha kuzungumza naye, tulimwambia mambo 2 tu. La kwanza, Jumatatu aandike barua ya kusahihisha jina na mwezi, na ile habari ya neno lililorudiwa aiache. La pili, kabla ya Jumatatu amwambie mama yake. Hili la pili lilimwia zito. Lakini jioni ile alimwambia.

Wazazi wapendwa, hapa twawasihi mtege masikio. Mama yule angaliweza kusema, "Umetuharibia." Wako wazazi wanaosema hivyo, na neno hilo hukaa katika moyo wa mtoto kuliko kosa lenyewe. Lakini yeye aliingia chumbani, akatoa kitambulisho chake, akakiweka mbele ya binti yake. Akasema, "Tazama mwaka huu. Mimi sikuzaliwa mwaka huu. Aliyeniandikisha alikisia tu, na mimi sikujua kusoma. Nimeishi na kosa hili maisha yangu yote, nimeolewa nalo, nimekuzaa nalo, nimekulea nalo. Na wewe unalilia alama?" Kisha akasema, "Kondoo hakuuzwa kwa ajili ya karatasi. Aliuzwa kwa ajili yako. Na wewe bado upo." Usiku ule binti alilala.

Jumatatu aliipeleka barua yake, mistari 6 tu. Majibu ya chuo hayajafika mpaka leo tunaposema nanyi. Labda atapata nafasi, labda hatapata. Hatuwezi kuwaahidi kwamba kila anayeomba hupata, maana wanaoomba ni wengi na nafasi ni chache. Lakini twaweza kuwaambia kwamba mlango wa chuo kimoja si mlango wa uzima, wala aliyesimama penye mlango wa uzima si yule mlinzi wa kivuko cha Yordani. Kristo hamwambii mtu, "Tamka neno hili nione kama ulimi wako ni sawa." Katika Injili ya Yohana, sura ya 10, twajifunza kwamba yeye ni Mchungaji ambaye huwaita kondoo wake kwa majina. Anayekuita kwa jina hawezi kulikosea. Na katika Luka sura ya 10 aliwafundisha wanafunzi wake wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Huko hakuna ng' iliyosahauliwa alama yake.

Katika lugha yetu ya Kiswahili, karatasi tunayopeleka chuoni huitwa maombi, na maneno tunayomwambia Mungu huitwa maombi. Neno ni moja. Maombi ya chuo yana siku ya mwisho, na ikipita, hayapokelewi. Maombi kwa Mungu hayafungwi. Waweza kuyapeleka usiku, yakiwa na makosa, yakiwa na machozi badala ya maneno, naye atayasoma.

Basi na tuombe.

Ee Baba yetu wa mbinguni, uliyetufahamu kabla hatujaandikwa katika kitabu chochote cha dunia, twawaleta kwako vijana wetu wanaongoja majibu. Wape bidii ya kusahihisha yanayosahihishika, na utulivu wa kuyaacha yasiyo na maana. Utuondolee uongo ulio katika ukurasa tusioutazama. Wape wazazi wao ulimi wa upole. Wale watakaofunguliwa mlango, wakukumbuke. Na wale watakaofungiwa, uwashike mkono, uwaonyeshe njia nyingine. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ndugu wasikilizaji, Mungu awabariki siku ya leo. Kwaherini.